Wasomaji Wanauliza: Kalsiamu ya Ndani ya Chembe na Presha

SWALI: Presha yangu ni 152/96. Kipimo cha damu kilionyesha kalsiamu 2.4, nikaambiwa ni ya kawaida. Lakini nimesoma kwamba wenye presha wana kalsiamu iliyozidi ndani ya chembe za damu. Nishike lipi? Na je, niache maziwa?

JIBU: Shika yote mawili, maana yanazungumzia mahali pawili. Hiyo 2.4 (milimoli kwa lita) ni ya majimaji ya damu, nje ya chembe. Karibu nusu yake imeshikwa na protini. Iliyo huru ni kama 1.2. Ndani ya chembe, kalsiamu huru ni kama nanomoli 100 kwa lita, yaani pungufu mara elfu kumi hivi. Pengo hilo hulindwa na pampu zilizo kwenye utando wa chembe, zinazotumia nishati kuitoa kalsiamu nje usiku na mchana. Vijilango vinavyoingiza kalsiamu vikilegea au pampu ikizembea, kiasi cha ndani huweza kupanda sana na kipimo chako cha maabara kisitikisike.

Hata hivyo, presha haipandishwi na chembe za damu. Inapandishwa na misuli laini iliyo kwenye kuta za ateri ndogo. Humo kalsiamu hushikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachoifanya miosini, protini inayokaza msuli, ivute. Msuli unakaza, mshipa unabana. Na kubana kidogo si jambo dogo: upenyo ukipungua kwa asilimia 10 tu, ukinzani dhidi ya damu huongezeka kwa asilimia 50 hivi.

Chembe za damu zinaingilia wapi, basi? Mtu hai hakatwi kipande cha mshipa ili kipimwe. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zina miosini na hutii kalsiamu karibu kama msuli ule, na hupatikana kwa sindano tu. Mwaka 1984 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba kalsiamu huru ndani ya chembe hizo ilipanda sambamba na presha, na ikashuka presha ilipotibiwa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na kipimo chenyewe kina mitego. Rangi maalumu ya kung'aa huingizwa ndani ya chembe. Ikivuja hukutana na kalsiamu tele ya nje, ikang'aa kupita kiasi, na jibu likatoka kubwa kuliko ukweli. Hata damu ikitoka kwa kusuasua, chembe sahani hushtuka na kalsiamu yake kupanda. Kwa hiyo hicho ni kipimo cha watafiti. Hakiwezi kukuambia kama una presha. Mashine ya kupimia presha mkononi inatosha.

Maziwa usiache. Kalsiamu ya chakula ikipungua, homoni ya paratiroidi (tezi ndogo za shingoni) hupanda ili kuziba upungufu, na inadhaniwa kuchangia kalsiamu kuingia zaidi kwenye misuli ya mishipa. Cha kupunguza ni chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, ukihesabu na ile iliyofichwa kwenye vyakula vya viwandani. Sodiamu ya chumvi ikirundikana ndani ya chembe ya msuli, ule mlango unaoingiza sodiamu tatu ili kutoa kalsiamu moja hulemewa, kalsiamu ikabaki ndani. Vidonge vya kalsiamu ni habari nyingine: ukiwa unatumia dawa ya mkojo ya kundi la thiazaidi usijiongezee bila kumwambia daktari, kwani dawa hiyo huzuia kalsiamu isitoke na mkojo.

SWALI: Nimepewa amlodipini, "dawa ya kuzuia kalsiamu". Je, haitadhoofisha mifupa? Na mbona vifundo vya miguu vimevimba?

JIBU: Mifupa haiguswi. Dawa hufunga vijilango vya kalsiamu kwenye misuli ya mishipa. Haiondoi kalsiamu mwilini. Inakaa muda mrefu kwenye damu, hivyo usiihukumu kabla ya wiki moja au mbili.

Uvimbe hutokea kwa sababu ateri ndogo hulegea lakini vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hazilegei kwa kiasi hicho; damu hufika kwa nguvu kwenye mishipa myembamba kabisa na maji huchuruzika kwenye nyama. Huonekana zaidi kwenye miligramu 10 kuliko 5. Dawa ya mkojo husaidia kidogo tu, kwani maji hayajazidi mwilini. Daktari anaweza kupunguza dozi, au kuongeza dawa kama losatani, ambayo hulegeza na vena. Usiache dawa mwenyewe. Lakini ukivimba mguu mmoja tu, tena unauma, au ukiishiwa pumzi, nenda hospitali siku hiyohiyo: huo si uvimbe wa amlodipini.