Nimelilia picha ya sanamu, naambiwa nimeshirikisha

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Denmark. Niliwapeleka wanangu jumba la sanaa la ARoS, Aarhus, tukaona sanamu la mvulana aliyechuchumaa, kimo chake karibu mita tano, ngozi yake kama ya mtu hai. Nilistaajabu mno. Usiku nikatafuta kwenye simu kazi nyingine za fundi huyo, Ron Mueck, nikakuta sanamu ya baba yake akiwa maiti. Nililia. Marehemu babangu alizikwa mwaka jana sikuwahi kufika. Ndugu mmoja msikitini kaniambia hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Allah, na swala zangu za siku 40 hazikubaliwi. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Allah amrehemu mzee wetu.

Naanza na hizo siku 40, maana naona ndizo zilizokukosesha usingizi. Hadithi hiyo ipo katika kitabu cha Imam Muslim, lakini inamhusu aendaye kwa mtabiri akamuuliza mambo ya ghaibu. Sanamu haimo. Ndugu yetu kachota maji kisima kingine akaja kukumwagia wewe. Kumtisha mfiwa kwa hadithi usiyoijua mahali pake si jambo dogo.

Na shirki? Ulimwomba yule mvulana kitu? Ulimsujudia? Najua ndugu huyo atataja masanamu ya watu wa Nuhu. Basi akisome kisa chao mpaka mwisho. Amepokea Imam Bukhari kwa sahaba Ibn Abbas kwamba Wadd, Suwaa na wenzao, ambao masanamu hayo yaliitwa kwa majina yao, walikuwa watu wema; walipokufa, shetani akawashawishi watu wao wasimamishe masanamu kwenye mabaraza yao. Hayakuabudiwa mpaka kizazi kile kilipokwisha na elimu ikasahaulika. Ibn Abbas mwenyewe ametenganisha kusimamisha na kuabudu; huyu anachanganya hata kutazama! Angekuambia mlango huo ni wa hatari, ningemuunga mkono.

Kwani kuchonga kiumbe chenye roho ni haramu, wala silegezi hapo. Wapo wanaosema siku hizi hakuna anayeabudu masanamu, kwa hiyo sababu imeondoka. Sababu haikuwa hiyo peke yake. Mtume ﷺ amesema watengenezaji wataambiwa: vipeni uhai mlivyoviumba. Na Ibn Abbas alipojiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kazi hiyo, alimwambia kama hana budi atengeneze miti na visivyo na roho. Lakini dhambi ya fundi haiwi yako kwa sababu ulishangaa mikono yake. Ninalokuchukizia ni kufunga safari kwa ajili ya vitu hivyo, na kuvisifu mbele ya watoto bila kuwaeleza.

Ile ya baba yake ni neno jingine. Mueck aliimaliza 1997, silikoni, akaipandikiza nywele za kichwa chake mwenyewe. Ni ndogo, kama mita moja tu. Na iko uchi. Sisi maiti wetu hata anayemwosha humfunika uchi wake. Ifute kwenye simu kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya hofu uliyotiwa.

Naelewa kilichokuliza, binti yangu. Hukumwona baba sandani, macho yakamtafuta popote. Machozi hayo hayana dhambi. Mtume ﷺ alimlilia mwanawe Ibrahim. Ila usiyaache yaishie kwenye kioo cha simu. Mwombee kila sijda. Mtolee sadaka, hata pipa la maji hapo mtaani kwenu. Na amesema Mtume ﷺ kwamba katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wapenzi wa baba yake.

Basi yupo mzee aliyekuwa akicheza naye bao jioni, au waliyekuwa wakirudi pamoja baada ya Isha. Mtafute. Mpigie, umwambie wewe ni mtoto wa fulani, kisha umwache azungumze.

Wallahu a'lam.