Ramani ya udongo na mwamba kwa kompyuta: maswali yenu

*Setilaiti yaona majani tu, sasa kompyuta itajuaje chini kuna mwamba? (Kisauni)*

Haioni chini ndugu yangu, inakisia. Watu wa jiolojia wanatembea kwanza, wanaangalia makorongo, mawe yaliyochomoza, rekodi za visima, kila mahali wanaandika hapa mchanga, hapa mwamba, halafu kompyuta inapewa hizo pointi pamoja na mwinuko, mteremko na rangi za picha, yenyewe inatafuta kwingine kunakofanana. Ukitoka kisiwani Mombasa kwenye matumbawe ukashika barabara ya Nairobi unapita vilima vya mwamba laini wa tope la zamani, udongo wake mzito, ukifika Mazeras ni yale mawe ya mchanga mnayotandika uani, mteremko umebadilika, miti imebadilika, hiyo tofauti ndio inashikwa.

*Tumeletewa ramani tukaambiwa iko sahihi asilimia 95. Tuamini? (Mariakani)*

Ulizeni imepimwa wapi! Hili naliwekea mkazo sana maana watu wanadanganyika. Kama pointi za kupimia zimetoka mita chache tu kando ya zile za kufundishia, hapo lazima ipate alama nzuri, jirani anafanana na jirani. Kipimo cha haki ni kuficha bonde zima la kijito, modeli, yaani hiyo kompyuta iliyofundishwa, isilione kabisa, halafu iulizwe huko. Wengi wanatumia random forest, njia aliyoieleza Leo Breiman mwaka 2001, ni miti mamia ya maamuzi, kila mti ni mlolongo wa maswali ya ndio au hapana, inapiga kura kwa kila pikseli, yaani kila kimraba cha picha, kwa hivyo daini na ramani ya kura, mahali kura zimegawanyika nusu kwa nusu ndipo pa kurudi na nyundo na jembe.

*Picha zanunuliwa? (Likoni)*

La, bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinapiga tangu 2015, pikseli ya mita 10, na mwinuko wa SRTM, uliopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, uko wa mita 30. QGIS, programu ya kuchorea ramani, pia bure.

*Sisi wa Mombasa yatuhusu nini? (Changamwe)*

Maji! Bwawa la Mwache linalojengwa Kwale ni la kutuletea sisi maji, na mto ule ukija na mchanga na tope bwawa linajaa. Ramani nzuri inaonyesha udongo uliolegea uko mteremko gani, nyasi na matuta yaanzie hapo. Ila kwa kisima usiitegemee peke yake, ni ya juu ya ardhi, kina cha maji na chumvi haisemi, ita mtu wa jiofizikia, anayepima chini ya ardhi kwa vyombo, apime kwanza.