Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Tatu, Stoo Moja

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Kompyuta ni tatu: mbili kaunta, moja kwa mhasibu. Zote zina programu ileile ya mauzo, na jioni tunahamisha taarifa kwa flashi. Saruji kaunta ya kwanza inasoma mifuko 40, ya pili 25, na ukienda stoo kuhesabu kwa mkono unapata namba nyingine kabisa. Fundi ameshauri tuweke faili la programu kwenye folda moja ya kushirikiana, kompyuta zote zilifungue hapo. Ni sawa? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Kwa flashi hesabu hazitalingana, maana mna stoo moja ya kweli na stoo tatu za kwenye kompyuta, kila moja ikipunguza mzigo kivyake. Kinachotakiwa ni kanzidata moja, yaani ghala moja la taarifa, ikae kwenye kompyuta moja tuiite mama, na kaunta ziingie humo kuuza na kusoma salio.

Ushauri wa fundi unategemea programu ilivyojengwa. Tazama faili la taarifa. Likiishia na .mdb au .accdb, hiyo ni Access, kanzidata ya faili moja ya Microsoft, na ukiliweka kwenye folda ya kushirikiana kila kaunta italiandika yenyewe kupitia waya. Waya ukilegea katikati ya kuandika, faili linabaki nusu, na asubuhi halifunguki. Kwa Wi-Fi hatari ni kubwa zaidi. Tena faili hilo haliruhusiwi kuzidi GB 2. Kwa duka lenye kaunta mbili zinazouza kutwa nzima, hatushauri kabisa.

Ikiwa programu inatumia injini ya kanzidata kama SQL Server, MySQL au Firebird, kaunta inatuma ombi tu, na mama ndiye anayeandika. Ombi likikatika njiani, muamala wote unafutwa. Haubaki nusu risiti. SQL Server Express haina malipo, na toleo la 2022 linabeba kanzidata ya hadi GB 10, nafasi ya kutosha duka kama lenu kwa miaka. Muulizeni aliyewauzia programu maswali mawili: inatumia ipi kati ya hizo, na leseni ni ya kompyuta ngapi.

Mama iwe ya mhasibu, isiwe ya kaunta, kwa sababu ya kaunta huzimwa ovyo. Nunueni swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha nyaya) ya poti 8 na mvute waya wa Cat6 hadi kila kompyuta, usizidi mita 100. Ukatwe uuone ndani: shaba tupu ni nyekundu hadi katikati, lakini alumini iliyopakwa shaba inaonyesha weupe ukiikwangua kwa kisu. Hiyo ya pili ni rahisi dukani, ila hukatika kwenye kona na hupoteza nguvu kwa umbali.

Kisha mpeni mama anwani isiyobadilika. Ruta ikigawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 199, mama apewe 192.168.1.10, nje ya mgao, ili ruta isije ikampa anwani hiyo mtu mwingine. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaacha ruta igawe, mambo yanakwenda wiki mbili, umeme unakatika, mama anarudi na anwani mpya, na kaunta zinamtafuta kwenye nyumba aliyohama.

SQL Server Express ikisakinishwa huja imefunga njia ya mtandao. Kwa mama fungua SQL Server Configuration Manager, ingia kwenye itifaki za SQLEXPRESS, washa TCP/IP. Ndani yake shuka hadi chini kabisa kwenye IPAll: futa kilichoandikwa TCP Dynamic Ports, hata kama ni sifuri, na kwenye TCP Port andika 1433, namba ya mlango wa SQL Server. Zima huduma ya SQL Server kisha uiwashe. Bila hivyo mabadiliko hayashiki. Baada ya hapo ruhusu poti 1433 kwenye fayawoli ya Windows (mlinzi wa mtandao), kwa mtandao wa aina ya Private tu. Msizime fayawoli nzima kama wengine wanavyofanya.

Kabla ya kugusa programu, nenda kaunta, fungua PowerShell, andika:

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 1433

Mstari wa mwisho ukisoma TcpTestSucceeded : True, njia iko wazi. Ukisoma False, usihangaike na programu, kosa liko kwenye njia ya kumfikia mama. Kwenye programu jina la seva ni 192.168.1.10,1433. Hiyo ni koma. Ukiweka nukta mbili, SQL Server haitakuelewa. Kila kaunta iwe na mtumiaji wake na nywila yake. Msigawe ile ya sa, mtumiaji mkuu wa SQL Server, maana mwenye nayo anaweza kufuta kila kitu. Programu iwe toleo moja kwenye mashine zote tatu.

Na zile hesabu za zamani? Msijaribu kuzichanganya. Fungeni duka siku moja, mhesabu stoo kwa mkono, mwingize salio la kuanzia mara moja tu. Kabla ya hapo mkubaliane vipimo. Misumari ikiingizwa kwa mfuko wa kilo 50 na kuuzwa kwa kilo bila programu kuambiwa kwamba mfuko mmoja ni kilo 50, keshia akiuza kilo 3 mtapungukiwa mifuko mitatu. Kosa hilo halina uhusiano na mtandao, lakini mtandao ndio utakaolaumiwa.

SWALI: Duka letu la vipodozi hapa Mombasa lina seva moja na kaunta nne. Kila siku karibu saa sita kaunta mbili zinapoteza seva, tukizizima na kuziwasha zinarudi. Stima ikipotea ndiyo zote zinaanguka, ingawa seva iko kwenye UPS. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Tuanze na la stima. Swichi na ruta zenu zimechomekwa wapi? Zikiwa ukutani, seva inabaki macho peke yake na hakuna njia ya kuifikia. Zote mbili hula umeme kidogo sana. Zihamishieni kwenye UPS hiyohiyo.

La saa sita, tatizo likitokea msizime chochote kwanza. Kwenye kaunta iliyokwama andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imeomba anwani ikakosa: chunguza waya, swichi, kisha ruta. Anwani ikiwa sawa, andika ping na anwani ya seva. Ikijibu ilhali programu haiingii, seva iko hai ila huduma ya kanzidata imesimama au fayawoli imefunga. Tazama kama Windows imeugeuza mtandao kuwa Public, jambo linaloweza kutokea mkibadilisha ruta. Isipojibu, yawezekana seva imelala, lakini hapo kaunta zote nne zingeanguka. Kwa kuwa ni mbili tu, tunashuku zaidi nyaya za hizo mbili au swichi ndogo zinazopitia. Hata hivyo, ondoeni usingizi kwenye mipangilio ya umeme ya seva.

Kichwa cha waya kibanwe kwa mpangilio mmoja ncha zote: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Fundi akipanga rangi kwa macho tu, buluu na buluu-nyeupe zikae pamoja na kijani vilevile, taa ya swichi itawaka, lakini jozi zitakuwa zimetenganishwa, na mzigo ukizidi mawasiliano yatakatika.

SWALI: Tawi letu la pili liko kilomita 4. Tufungue poti kwenye ruta ili tawi liingie? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hapana. Poti ya kanzidata ikiwa wazi kwenye intaneti, wanaojaribu nywila huanza kuigonga mara moja. Tumieni VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), kwa mfano WireGuard, na kama intaneti ya tawi hukatika, tafuteni programu inayouza bila mtandao na kutuma mauzo ukirudi.

SWALI: Kila nikinakili faili la .mdf, lile la taarifa za SQL Server, kwenye flashi, Windows inasema linatumika. Bakapu nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Injini imelishika, na ni vizuri limeshikwa, maana nakala ya faili linaloandikwa isingefaa kitu. Mwambie SQL Server mwenyewe atoe nakala kwa amri ya BACKUP DATABASE. Toleo la Express halina ratiba yake, kwa hiyo weka amri hiyo kwenye sqlcmd, kifaa cha kuendesha amri za SQL Server, na uiite kila usiku kwa Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows. Ukipata kosa namba 5, ujue anayeandika nakala ni huduma ya SQL, si wewe. Ipe huduma hiyo ruhusa kwenye folda. Kila nakala iwe na tarehe katika jina lake. Ukishainakili kwenye flashi, ichomoe, kwa kuwa kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga na flashi iliyoachwa imechomekwa. Mara moja kwa mwezi irudishe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue mauzo ya jana.