Kabla hujamwambia mteja mzigo unatoka Ijumaa

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za uwakala wa forodha, swali mtakaloulizwa kutwa nzima ni moja: "Mzigo unatoka lini?" Mdomo utakimbilia kusema "Ijumaa, bosi." Uzuieni kidogo, mhesabu Ijumaa hiyo imebeba masharti mangapi.

Tuchukue kontena la kawaida. Meli iwe imeshusha, nyaraka ziwe kamili, kodi iwe imepita TRA (mamlaka ya mapato), ukaguzi wa TBS (shirika la viwango) uwe umekwisha, lori liwepo. Tuseme kila sharti lina uwezekano wa asilimia 90. Tukisikia 90 mara tano, kichwani inabaki 90. Lakini kama hayategemeani, unazidisha: 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 inaleta 0.59. Katika makontena 100 ya namna hiyo, 41 hivi hayatoki Ijumaa. Wacheza kamari wa mpira hili wanalijua kwa maumivu ya mfukoni: timu zote za uhakika, moja ikitoa sare, mkeka umechanika.

Bandarini, kusema kweli, masharti hutegemeana; nyaraka zikikwama, na mengine yanasimama. Kwa hiyo hiyo 59 msiishike kama msahafu. Jibu laweza kuangukia popote kati ya 50 na 90. Juu ya 90 halipandi. Na sharti moja likiwa na 60, yote kwa pamoja hayavuki 60, hata manne yaliyobaki yawe ya hakika. Mimi huanza kuuliza kwenye lile dhaifu.

Tatizo ni kwamba habari ikiwa na maelezo mengi hunoga. Mwaka 1983 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio la Linda, mwanamke wa kubuni, msomi anayechukia ubaguzi. Je, yaelekea zaidi ni karani wa benki, au karani wa benki na mtetezi wa haki za wanawake? Asilimia 85 hivi walichagua la pili, ingawa kila karani mtetezi ni karani tayari.

Ndivyo madereva wanavyotupata. "Lori lipo, limebadilishwa tairi jana, dereva yuko Temeke anakunywa chai" inasikika ya uhakika kuliko "lori lipo", kumbe ni masharti matatu.

Mpe mteja tarehe ya kila hatua, na ya mwisho uisogeze mbele. Wa Kariakoo atanung'unika. Afadhali anung'unike Jumatatu kuliko Ijumaa, ameshalipia lori na gharama za kuhifadhi kontena zinapanda.