Barua kwa mwanangu: kile chungu chako cha Lima

Mwanangu mpendwa,

Barua nimeipata, na picha nimeiona. Umeuliza kama hicho chungu chenye uso wa mtu ulichonunua Lima, nakala ya vile vya Wamoche, watu wa kale wa Peru, ukitie maji au ukiweke kabatini. Msimamo wangu unaujua: chungu ni cha kutumika. Ila mimi kilichoninyima usingizi ni huo uso.

Umeandika kwamba ghala la Makumbusho ya Larco, hapo Lima, liko wazi kwa wageni, nyuso zimejaa rafu hadi rafu. Mafundi wa pwani ya kaskazini ya Peru, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, hawakuwa na gurudumu. Walikandika udongo kwenye kalibu ya vipande viwili, wakaunganisha. Na yumo mmoja mwenye kovu mdomoni, kafinyangwa tangu ana miaka kama 10 hadi utu uzima, vyungu zaidi ya 40! Jina lake limepotea, lakini ukipishana naye njiani utamjua.

Bibi yako kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, aliacha chungu kibichi kivulini akateremka ziwani. Nilikuwa na miaka tisa. Nikakibandika pua, nikakichora macho, na ule mwanya wa meno yake nikauchimba kwa kijiti. Aliporudi akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Kisha akalowesha kiganja, akaufuta uso wote taratibu, kama anayemnawisha mtoto.

"Chungu chenye mdomo kitakula kabla yetu," akasema.

Kikapakiwa mtumbwini na wenzake, kikauzwa Matema. Nililia. Leo picha ya bibi yako hatuna hata moja; ile anayoionyesha shangazi yako ni ya mama mdogo, tusidanganyane.

Najiambia alikuwa na haki: chungu kile kilipika maharage ya watu. Halafu najibishana: mbona vya Wamoche vingi vimetoka makaburini, na ndiyo maana lile kovu limetufikia? Vingebaki jikoni, vingeisha. Chungu ni cha kutumika, narudia, lakini sijui mama angefuta ngapi.

Ukinibana nitasema kitie maji. Usinibane. Kwanza nipigie picha nyingine, ya upande, niione pua vizuri.

Baba yako