Kabla hujanunua ng'ombe wa gari

Wiki iliyopita kanijia kijana wa jirani. Alikuwa akifanya kazi hotelini Unguja, karudi Pemba na akiba yake, anataka kununua ng'ombe wa gari. Kabla hajauliza bei akaniuliza, "Ami, hivi si dhambi?" Kumbe kuna mgeni kule hotelini alimwonesha picha ya ng'ombe aliyepiga magoti njiani na gari imemlemea, akamwambia nyinyi mnatesa wanyama. Kijana akakosa la kujibu.

Nikamwambia akae kitako. Mimi nimefuga ng'ombe wa gari miaka 11, na yule wa kwanza nilimtesa. Sikukusudia, lakini ng'ombe hasomi nia ya mtu.

Jina lake nilimwita Taratibu. Maksai mwekundu, nundu imesimama, nilimpata kwa watu wa Micheweni. Mwanzo tulikwenda vizuri: nazi, kuni, mapolo ya mpunga kutoka bondeni. Halafu nikapata kazi ya saruji, mtu anajenga juu kilimani, na malipo ni kwa tripu. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Nilianza na mifuko 6, nikaona anavuta, nikatia 8, mwisho 10. Hesabu yangu ilikuwa moja tu: tripu zikipungua, nami narudi nyumbani mapema.

Hesabu niliyotakiwa kuipiga ni nyingine. Ng'ombe wetu hawa wa kienyeji, aliyekomaa, huwa na kilo 300 hivi. Nguvu anayoweza kuitoa kwa masaa bila kuumia ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 30. Kwenye njia ya sawa, na mipira imejaa upepo, nguvu hiyo inatosha kuvuta mzigo wa maana. Lakini huku kwetu njia ni panda shuka. Mahali ambapo kila mita 10 njia inapanda mita 1, mzigo wa kilo 500 peke yake unamvuta nyuma kwa karibu kilo 50, na hapo gari yenyewe hujaitia. Anapanda kwa sababu ya bakora.

Kushuka ndiko kubaya zaidi. Gari zetu hazina breki, mzigo wote unamsukuma kwa nyuma, nira inamkwea shingoni mpaka kwenye pembe, na yeye anauzuia kwa miguu ya mbele. Siku hizi mteremko mkali nafunga gogo nyuma liburuzike, au nateremsha nusu ya mzigo nirudi mara ya pili. Wenzangu hunicheka.

Baada ya wiki chache Taratibu akaanza kuinua kichwa kila nikimletea nira. Mimi nikadhani ujeuri. Nilipotazama nikaona ngozi imechubuka mbele ya nundu, nikakata kipande cha godoro nikafunga chini ya mti wa nira, nikajiona nimemfanyia ihsani. Sponji ikanywa jasho mchana, ikakauka usiku, ikawa kama msasa. Siku nilipoifungua ilikuwa imegandana na kidonda, na inzi washafika.

Mzee mmoja wa mtaani, aliyefuga ng'ombe kabla mimi sijazaliwa, hakunigombeza. Aliichukua nira, akapitisha kiganja upande wa ndani, polepole, akasimama mahali pamoja. "Hapa," akasema. Palikuwa na fundo la mti si kubwa kuliko punje ya hindi. Akalikwangua kwa kigae cha chupa mpaka pakateleza, akaniambia sponji niitupe, mti laini hauhitaji godoro. Kisha akaniambia nimpumzishe mpaka ngozi irudi. Ilichukua wiki 5, na ile kazi ya saruji ikachukuliwa na mwengine.

Sasa, watu wetu ukiwaeleza haya hukwambia wanyama Mungu katuumbia sisi. Kweli, Suratun-Nahl inasema wanatubebea mizigo mpaka miji tusiyoifikia ila kwa mashaka. Na tumesoma chuoni ile Hadithi ya ng'ombe aliyesema kuwa hakuumbwa kwa kupandwa, kaumbwa kwa kulima. Lakini tusisahau kwamba yule mtu alikuwa kampanda na anampiga. Na kuna ngamia aliyemlilia Mtume kwa kuwa mwenyewe anamtia njaa na kumchosha. Mtume hakusema mwacheni bure. Alimwita mwenye ngamia akamuuliza kama hamwogopi Mungu katika mnyama aliyemmilikisha.

Kwa hiyo nira simkatazi mtu. Ninachomkataza kijana ni kukodisha. Anayemkodi ng'ombe wako hamjui, hamlishi, na jioni akivimba miguu si yeye atakayemtazama. Anazijua tripu tu. Nenda naye mwenyewe, na malipo patana kwa siku, si kwa tripu. Utapata kidogo. Mimi napata kidogo.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kucheua. Ng'ombe anahitaji masaa 6 mpaka 8 kwa siku ya kucheua, na hucheua vizuri akiwa kalala na katulia. Ukimfanyisha kazi kutwa nzima, usiku ukamfunga penye majani makavu mawili, hana muda wa kula wala wa kucheua, atakonda mbele ya macho yako na utasema karogwa. Mimi namtoa alfajiri, saa nne namfungua kivulini na ndoo ya maji, baada ya alasiri tunamalizia. Mchana wa jua kali simfungi gari hata bosi akinuna.

Na ukimwona mzito, usimwite mvivu. Mpapase chini ya masikio. Tezi zikiwa zimevimba na mwili una moto, huenda ni ndigana kali inayoletwa na kupe. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kijana akaniuliza, "Na akizeeka?" Hilo sikumficha. Taratibu nilimuuza kwa mchinjaji kabla ya Idd. Mtu mwengine alinipa bei ya juu zaidi, akitaka kumtia gari ya mchanga miaka miwili mitatu ya mwisho, nikakataa. Mke wangu hakula nyama Idd ile. Mimi nilikula, na mpaka leo sijui nani kati yetu alifanya sawa.

Jana kijana kanipigia simu. Alikwenda kumtazama ng'ombe kwa mtu, akamshika shingo, akatia kiganja chini ya nira akaizunguka yote. Mwenye ng'ombe akamuuliza, "Unanunua ng'ombe au unanunua ubao?"

Nikamuuliza mimi, "Umekuta nini?"

"Fundo, Ami. Na nywele zimenasia."

Nikamwambia ng'ombe amchukue, nira aiache.