Kushusha skrini kubwa na kuirudisha

*Runinga yetu ya inchi 65 iko ukutani, na wapaka rangi waja Jumamosi. Wanangu wawili wasema wataishusha wenyewe. Niwaruhusu? (Mama, Kisauni)*

Waruhusu mama, mradi wote wawili wawe na mikono mitupu, simu zimewekwa kando. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, maana umeme bado umo ndani. Plagi itolewe kwenye soketi, kisha wangoje kama robo saa. Kabla ya kuchomoa kebo, wapige picha ya nyuma. Braketi, yaani vyuma vinavyoishikiza runinga ukutani, nyingi zina kamba mbili fupi upande wa chini. Zikivutwa, chini huachia, kisha runinga hunyanyuliwa kidogo itoke kwenye reli.

Washike fremu ya chini na ya pembeni, wasikandamize katikati ya kioo. Paneli za siku hizi ni nyembamba mno, na ufa huweza kuanzia ndani usiuone mpaka siku unapoiwasha. Iwekwe wima, imeegemezwa godoro. Skrubu zitiwe kikombe kimoja na zirudi zile zile, kwani skrubu ndefu kupita kiasi huingia hadi kwenye saketi.

*Baada ya ukarabati tumerudisha runinga, lakini skrubu zimelegea na chokaa chamwagika. Fundi ataka kutoboa matundu makubwa zaidi. (Msomaji, Mji wa Kale)*

Mzuie, tena iteremsheni runinga hiyo leo. Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, si za zege. Drili ikitiwa mtikiso wa nyundo, tundu hupanuka na ndani huwa ungaunga, na ile plastiki ya kushikia skrubu haina pa kung'ang'ania. Tundu kubwa zaidi litaongeza unga tu.

Mimi nyumba hizo hutoboa polepole, bila mtikiso, nikatia ubao mpana ulioshikwa na boliti ndefu sehemu nyingi zilizoachana, kisha braketi ikafungwa kwenye ubao. Hivyo uzito hugawanyika. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Na kama ukuta wamwagika hata ukiupapasa kwa mkono, wekeni runinga juu ya meza. Nimeshaona braketi iking'oka na bonge zima la ukuta, na chini yake palikuwa pakilala mtoto. Siku hiyo hakuwapo, alhamdulillahi.

*Twakodisha ukuta wa LED kwa harusi. Juzi tulibadilisha moduli mbili, vile vipande vyenye taa vinavyounda skrini, kwa bisibisi, taa za ukingoni zikabanduka. Tulikosea wapi? (Kijana, Bamburi)*

Kwenye bisibisi. Moduli zinazotolewa kwa mbele aghalabu hushikwa na sumaku, na zina kifaa chake cha kuvutia. Vuta sawasawa kuja kwako, usiipinde, kwani nyuma kuna kiunganishi. Kila taa ya ukingoni imeshikwa na tone dogo la lehemu, kwa hiyo moduli isisimamishwe kwa pembe hata kidogo. Ilaze juu ya sponji. Ukirudisha, tazama mshale wa nyuma uelekee juu.

Najua hali ilivyo: akdi yasomwa msikitini, akina mama ukumbini wangoja kuiona, na ukuta una doa jeusi. Hata hivyo zima breka. Moduli yenyewe hutumia volti 5 hivi, lakini ndani ya kabineti, lile kasha linalobeba moduli, mna umeme wa volti 240. Dakika chache za giza zinavumilika.

Wakati wa kuvunja, ukuta uliosimama chini huanzwa safu ya juu, na unaoning'inia huanzwa safu ya chini. Ufukweni kusi ikivuma, ukuta huwa tanga. Upepo ukizidi, msipande.

*Nifungueje runinga ya zamani yenye mgongo nisafishe kioo kwa ndani? (Msomaji, Likoni)*

Usiifungue, ndugu yangu. Bomba lake huweza kubaki na maelfu ya volti hata plagi ikiwa imetolewa. Futa kwa nje.

*LED zetu zilikaa stoo miezi miwili, na sasa baadhi ya taa zafa. (Kijana, Changamwe)*

Unyevu umeingia. Zilizokufa zahitaji fundi wa lehemu. Zilizobaki ziwashe kwa mwanga hafifu saa kadhaa kabla ya kupandisha mwanga, na ukizirudisha kwenye makasha tia vifuko vya kunyonya unyevu.